Kulia machozi hakukupi nafasi jukwaani

Wengi wanaojitokeza kwenye usaili wa waigizaji Mbeya na Iringa huamini kwamba anayelia machozi upesi ndiye atakayechaguliwa. Sivyo. Katika miezi isiyo na mvua kundi dogo huweza kubeba tamthilia mbili au tatu kwa zamu, hivyo mwongozaji anatafuta mtu anayebadilika.

Ndiyo maana baada ya kuigiza kipande chako cha dakika mbili utaambiwa: "Rudia, safari hii unamficha mama yako habari." Usaili wenyewe unaanzia hapo. Anayerudia vilevile, na machozi yake yote, huachwa. Anayejaribu kitu kingine, hata akikosea mstari, huitwa tena. Machozi hayaonekani kwa watazamaji wa safu ya kumi, na sauti iliyokabwa na kilio haifiki huko.

Andaa vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha kuchekesha. Fika nusu saa mapema, upashe sauti taratibu kwa kuivumisha midomo ikiwa imefungwa: baridi ya asubuhi ya Julai hukaza koo na taya, na anayeanza kwa kupayuka hukaukiwa sauti kabla hajaitwa. Taja pia siku ambazo hutapatikana, hasa za mavuno ya mahindi. Wengi huzificha, kisha mazoezi yanavunjika.