Mama Unanyonyeshea Wapi? Angalia Kiti Kabla Hujalaumu Maziwa

Kichanga mwenye afya ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24, usiku na mchana, na wiki za mwanzo mtoto mmoja anaweza kukaa kwenye titi dakika 20, mwingine 30, mwingine na zaidi. Piga hesabu mwenyewe, hayo ni masaa karibu matatu mpaka sita kila siku mama amekaa sehemu moja kampakata mtoto, ni kama kupanda basi la Mbeya kwenda Iringa kila siku ya Mungu. Na bado ukiangalia maandalizi ya mtoto kwenye nyumba zetu utakuta beseni jipya, nepi, vishuka, sweta na kofia za kufuma, kila kitu kimenunuliwa, ila mama atakaa wapi kunyonyesha hakuna aliyeuliza.

Sisi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Mbeya tunauliza, kwasababu majibu yake tunayaona kila wiki. Mama anakuja na mtoto wa wiki mbili tatu, analalamika maziwa hayatoki, mtoto analia muda wote, chuchu zimepasuka, mgongo na mabega vinauma mpaka kuosha vyombo anashindwa, na nyumbani ameshaanza kushauriwa ampe mtoto uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe wakati mtoto anatakiwa maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Tukimuuliza nyumbani unakaa wapi ukinyonyesha, jibu tunalolipata kuliko yote ni pembeni ya kitanda.

Sasa fikiria hapo pembeni ya kitanda pakoje. Godoro nene, kitanda kiko juu, miguu ya mama kama si mrefu inaning'inia au anagusa chini kwa vidole tu, mgongo hauna pa kuegemea, godoro linabonyea linamvuta mbele, na mikono peke yake ndo imebeba mtoto wa kilo tatu. Dakika tano za kwanza anavumilia. Zikifika kumi mikono inachoka, inashuka taratibu bila mwenyewe kujua, mtoto anashuka nayo, na titi halimfuati, kwa hiyo kinachobaki mdomoni ni chuchu tupu.

Hapo ndo shida inapoanzia. Mtoto hatakiwi kunyonya chuchu peke yake, anatakiwa ajaze mdomo kwa chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ile nyeusi inayoizunguka, ili chuchu ifike kule nyuma kwenye kaakaa laini. Ikibaki mbele inasuguliwa kwenye kaakaa gumu, inachubuka, inapasuka, mama anaanza kuogopa hata kumsikia mtoto analia. Alafu kuna homoni inaitwa oksitosini, hiyo ndo inasukuma maziwa yashuke, na yenyewe inavurugwa na maumivu na wasiwasi, mama akiwa amekakamaa maziwa yanachelewa kutoka wakati yamo. Na titi lisiponyonywa likapungua vizuri linapunguza kutengeneza, kwa hiyo baada ya muda maziwa yanapungua kweli, na kila mtu nyumbani anasema si tulisema.

Kulikuwa na binti mmoja, uzazi wa kwanza, kaja na mama mkwe wake. Alikaa kwenye benchi letu lisilo na mgongo, mabega yamepanda yako karibu na masikio, mtoto kalala chali mapajani kageuza shingo pembeni kulifuata titi. Hebu wewe unayesoma geuza shingo uangalie bega lako, alafu ujaribu kumeza mate, utaelewa mtoto anapata tabu gani. Tukamhamishia kwenye kiti chenye mgongo, tukamwomba mama mkwe lile blanketi alilojifunika tukalikunja tukaliweka mapajani kwa binti, chini ya miguu tukaweka tofali, mtoto tukamgeuza tumbo lake likagusana na tumbo la mama yake, pua ikaangalia chuchu. Mabega yakashuka yenyewe. Mtoto akapanua mdomo akashika, akanyonya haraka haraka kidogo, alafu akatulia akaanza kuvuta taratibu kwa nguvu, na ukisogea karibu unamsikia anameza. Bibi yake akauliza, kumbe yalikuwemo? Yalikuwemo, mama.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu na ukiishika hiyo kiti chochote utakipima: mtoto aletwe kwenye titi, sio mama ajikunje kulipeleka titi kwa mtoto. Kiti kizuri ni kile kinachokuwezesha kukaa umeegemea, mabega yamelegea, nyayo zote mbili zimetulia chini, na mtoto amefika usawa wa titi bila mikono yako kumnyanyua. Mambo ya kununua kiti maalumu cha kunyonyeshea yale ya kwenye mitandao sio lazima kabisa na mimi binafsi siwashauri wazazi waingie gharama hiyo, maana vitu vingi viko humo humo ndani.

Kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kila nyumba na kila msiba, kinafaa vizuri sana. Kina mgongo, hakibonyei, na mkono wa kiti unabeba kiwiko chako. Kasoro yake ni ubaridi na ugumu, weka khanga mbili zilizokunjwa au mto mwembamba wa sponji umekwisha. Kiti cha mbao cha kulia chakula nacho ni kizuri ila vingi kimo chake kinakaribia sentimita 45, na kwa mama ambaye si mrefu hicho kiko juu. Ukitaka kujua kiti chako kinakufaa, kaa ukiwa peku, pima kwa futi kamba kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, urefu huo ndo kimo cha kiti chako. Na kina chake pia, mgongo ukishagusa nyuma kabisa vidole viwili vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, kina kikiwa kirefu mpaka vidole havipiti utaanza kuteleza na kukaa kwa kiuno. Kama una uwezo wa kutengenezesha, fundi seremala mpe hivyo vipimo viwili, mbao za Mafinga tumezikaribia sana sisi watu wa nyanda za juu, na mwambie mikono ya kiti isiwe juu, kwasababu mkono wa kiti ukiwa juu unakupandisha mabega tunarudi kule kule.

Kochi sasa. Wengi wanaliona ndo penyewe kwasababu ni laini, na mama mzazi akija wageni wanampisha kwenye kochi. Makochi yetu mengi yana kina kirefu, ukikaa unazama, makalio yanakuwa chini kuliko magoti, mgongo unapinda. Unaweza kulitumia ukiweka mto mgumu au blanketi lililokunjwa nyuma ya kiuno mpaka ukae wima kiasi. Ila kuna jambo moja kuhusu kochi naomba mnisikilize vizuri sana: usilale na mtoto kwenye kochi, hata lepe la dakika tano. Mtoto anateleza kati yako na mgongo wa kochi, au pua inazama kwenye sponji, anakosa hewa bila kulia. Kitaalamu kochi ni moja ya sehemu za hatari kuliko zote mtu kusinzia na kichanga. Usiku ukijiona macho mazito, bora uhamie kitandani umnyonyeshe ukiwa umelala ubavu kuliko kubaki kwenye kochi, na hapo kitandani toa mito, blanketi zito lisimfikie usoni, mtoto asiwe katikati ya watu wawili, na kama kuna aliyekunywa pombe au anayevuta sigara mtoto asilale kitanda hicho kabisa. Kitandani nako hatari ipo, ila ni ndogo kuliko kwenye kochi. Ukishamaliza kunyonyesha mrudishe kwenye sehemu yake, karibu na wewe, chumba hicho hicho.

Miguu watu wanaisahau. Ikining'inia mapaja yanateremka na mtoto anateremka nayo, na kiuno kinabeba kila kitu. Kigoda kifupi, tofali lililofungwa kitambaa, dumu la lita tano limejaa maji likalazwa, chochote kisichoyumba. Ndoo ya rangi ya lita 20 usiitumie, iko juu mno, magoti yanafika kifuani.

Mto wa mapajani ni wa kumfikisha mtoto kwenye usawa, usizidishe. Nimeona mama ana mito mitatu mpaka mtoto yuko kidevuni kwake, sasa hapo inabidi titi linyanyuliwe. Blanketi la kukunja linashinda mto kwasababu unapunguza na kuongeza mkunjo unavyotaka, na mtoto anavyokua unalishusha.

Alafu kuna baridi yetu hii. Mwezi wa sita mpaka wa nane Uyole, Njombe, na kule Makete ndo usiseme, mama anaikimbia sebule anaenda kukaa jikoni kwenye kigoda karibu na moto. Kigoda chenyewe sikikatai, magoti yakipanda kidogo yanamsogeza mtoto juu, shida ni mgongo, kwa hiyo egemea ukuta na uweke kitu laini katikati. Ninachokataa ni moshi, mapafu ya kichanga hayauwezi. Na kinachoua kimya kimya ni jiko la mkaa kuliingiza chumbani mkafunga mlango na madirisha mpate joto. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mnalala hamuamki. Wakati moshi umeisha na mkaa umekolea mwekundu watu wanaona sasa salama, hapana, hewa hiyo bado inatoka.

Joto litafute kwingine. Weka kiti mbali na mlango na usawa wa upepo, mchana kisogeze kwenye dirisha linaloingiza jua, vaa soksi, jitande blanketi mabegani kuja mbele limzunguke mtoto mgongoni huku uso uko wazi, na yeye ngozi yake iguse ya kwako, mwili wako unampa joto. Maji ya kunywa weka mkononi mwako. Chai ya moto naijua ilivyo tamu kwenye baridi hii, ila kikombe na chupa ya chai vikae mezani mbali na mtoto, kunywa akishatoka mapajani, maana ngozi yake inaungua kwa tone ambalo wewe hulisikii.

Aliyejifungua kwa operesheni asilazimishwe kukaa kitini siku za mwanzo. Anyonyeshe amelala ubavu, mto nyuma ya mgongo, au akikaa amshike mtoto kwapani, miguu ya mtoto ielekee nyuma ya mama na mwili ulale juu ya mto pembeni, hapo mshono haukandamizwi. Aliyeshonwa njia ya uzazi naye kulala ubavu kunampumzisha, kukaa kwa muda mrefu kwenye mbao ngumu kunamuumiza bure.

Baba wa nyumbani, kile kiti kimoja chenye mgongo mzuri pale sebuleni ambacho kila mtu anajua ni cha baba, mpishe mama mtoto kwa miezi hii. Na wewe mama mkwe, shikamoo, ukimuona mkwe wako kajikunja msogezee mto kabla ya kumuuliza kama maziwa yanatosha.

Mtoto akishika vizuri utaona mdomo umepanuka sana, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na ile nyeusi inaonekana zaidi juu kuliko chini. Ukirekebisha mkao na bado chuchu zinatoa damu, au titi limekuwa jekundu gumu na una homa, au mtoto akishapita wiki ya kwanza hakojoi hata mara 6 kwa siku, au wewe mguu mmoja umevimba na unauma kwenye kigimbi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, na titi linalouma endelea kulinyonyesha. Kama kinachosumbua ni mkao tu, njoo kliniki na blanketi au mto unaotumia nyumbani, tutakukalisha na kumpakata mtoto pamoja mpaka umsikie anameza.