Kurutubisha ufundishaji kwa teknolojia ya kidijitali: maana yake darasani

Mwalimu anapoandika andalio la somo hufika kwenye nafasi ya zana za kufundishia, na hapo ndipo dhana hii inapoanzia. Kwa miaka mingi nafasi hiyo imejazwa vizibo vya soda vya kuhesabia, chati za karatasi ya manila, maharage yaliyooteshwa kwenye pamba, na ramani ya Afrika iliyotundikwa ukutani hadi rangi zake zikapauka. Kurutubisha ufundishaji kwa teknolojia ya kidijitali ni kuongeza katika orodha hiyohiyo zana kama kompyuta, simu janja, kishikwambi, projekta na programu zake, kwa namna inayomwezesha mwanafunzi kuona, kusikia, kujaribu au kutengeneza jambo ambalo ubao, chaki na kitabu peke yake visingemfikisha. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Ikiondolewa, kinachobaki ni kubadilisha kifaa tu, na somo linaendelea kuwa lilelile.

Neno kurutubisha nimelichagua kwa makusudi. Wengi husema kuboresha, na nyaraka rasmi hupenda kusema matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji na ujifunzaji. Kuboresha kunadokeza kwamba kilichokuwapo kilikuwa na kasoro, jambo ambalo si kweli kila mara, kwa maana kuna walimu wanaofundisha sehemu za hisabati, kama nusu na robo, kwa chungwa na kisu na darasa likaelewa kuliko lingeelewa kwa video yoyote. Neno matumizi, kwa upande wake, halisemi lolote kuhusu matokeo: mwalimu aliyewasha projekta amekwisha kutumia TEHAMA hata kama nusu ya darasa imesinzia. Rutuba huongezwa kwenye udongo uliokwisha kulimwa, yaani somo ambalo mwalimu amelifikiria, anajua linaelekea wapi na anajua wanafunzi hukwama mahali gani.

Dhana hii huchanganywa na nyingine mbili zilizo jirani nayo. Ya kwanza ni somo la kompyuta lenyewe, ambapo mwanafunzi hujifunza kuchapa, kupanga majedwali au kuandika programu. Hapo teknolojia ndiyo mada, ilhali hapa mada ni hisabati, jiografia au Kiswahili, na teknolojia ni njia ya kuifikia. Ya pili ni kusoma kwa mbali. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, Tanzania hadi mwishoni mwa Juni na Kenya, kwa madarasa mengi, hadi Januari 2021, vipindi vya redio na televisheni na makundi ya WhatsApp vilishika nafasi ya darasa. Katika kurutubisha ufundishaji darasa lipo, mwalimu yupo, na wanafunzi wanatazamana.

Niliwahi kuhudhuria kipindi kimoja, katika shule ambayo sitaitaja, ambacho kiliingizwa kwenye taarifa ya shule kama mfano wa somo la kidijitali. Projekta ilichukua dakika kumi kuwaka na nyingine tano kutafutiwa ukuta usiopigwa na jua. Kisha mwalimu alionyesha slaidi zilizojaa aya ndefu za notisi, neno kwa neno kama zilivyo kitabuni, na wanafunzi wakanakili kimyakimya hadi kengele ikalia. Aliyeketi nyuma alikuwa akimwuliza mwenzake maandishi yanasemaje, kwa sababu herufi zilikuwa ndogo kuliko zile ambazo mwalimu huyohuyo huandika ubaoni. Umeme ulitumika, muda ukapotea, na hakuna mwanafunzi aliyeona jambo jipya.

Sasa chukua kipindi cha hisabati cha mwenzangu wa kidato cha tatu, mada ikiwa ni grafu za vitendaji vya kipeo cha pili. Kwa chaki, mwalimu hutengeneza jedwali la thamani, huweka nukta na kuziunganisha, na katika dakika arobaini akijitahidi sana atamaliza grafu tatu. Wanafunzi wanatoka na picha tatu zisizohusiana. Mwenzangu alitumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ambayo ikishapakuliwa kwenye kompyuta haihitaji tena intaneti. Aliandika y = ax² na kuweka kitelezi cha a, yaani kitufe kinachosogezwa kushoto na kulia ili kubadilisha thamani. Alipokisogeza kutoka 1 kwenda 3, mchoro ulibana kama glasi nyembamba. Aliporudi hadi 0.2 ukatanuka kama sinia. Kabla ya kufika sifuri alisimamisha mkono na kuuliza: ikifika sifuri itakuwaje, na ikipita sifuri? Akawapa dakika tatu wachore utabiri wao kwenye madaftari. Kelele zilizofuata zilikuwa za hisabati. Aliposogeza kitelezi, sinia likalala na kuwa mstari mnyoofu, kisha likapinduka, na waliokuwa wamechora vingine walianza wenyewe kutafuta ni wapi walipokosea.

Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili haiko kwenye vifaa, kwa kuwa vyote vilikuwa na kompyuta moja na projekta moja. Mwalimu wa hisabati alijua mambo matatu kwa pamoja: alijua hisabati yenyewe, alijua kwamba wanafunzi hushindwa kuona grafu kama familia ya maumbo yanayobadilika hatua kwa hatua, na alijua kwamba kitelezi hufanya hasa kazi hiyo. Wataalamu wa elimu wameliwekea jambo hili nadharia. Mwaka 1986 Lee Shulman, wa Marekani, alieleza kwamba kuijua mada na kujua kufundisha kwa jumla havitoshi, kwa sababu kuna maarifa ya tatu yanayozaliwa pale viwili hivyo vinapokutana: kujua namna ya kuifundisha mada hii hasa, mifano inayoifungua na makosa yanayoizunguka. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliongeza teknolojia katika wazo hilo, na kifupi chake cha Kiingereza, TPACK, yaani maarifa ya teknolojia, ya ufundishaji na ya mada kwa pamoja, sasa hutajwa sana katika vyuo vya ualimu. Mchoro wake wa duara tatu zinazopishana unapendeza mno kwenye mitihani ya ualimu, pengine kuliko unavyostahili, lakini wazo lake ni la kawaida kabisa: anayejua kuendesha kompyuta hajawa bado mwalimu wa kutumia kompyuta.

Katika sayansi rutuba hiyo huonekana zaidi pale ambapo maabara haipo au ina vifaa pungufu, hali inayojulikana katika shule nyingi za kata. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na mwanafizikia Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, hutoa bure majaribio ya kuigwa kwenye skrini, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Katika lile la sakiti mwanafunzi huunganisha betri, nyaya, swichi na taa, na huona chembe za umeme zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo hata maabara ya kweli haiwezi kumwonyesha. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto huwaka kwenye skrini, darasa hucheka, na hakuna aliyeungua. Hata hivyo, jaribio la kwenye skrini halimfundishi mtoto kumenya waya wala kugundua kwamba taa haiwaki kwa sababu mguso umelegea, kwa hiyo shule yenye betri mbili na globu moja haina sababu ya kuziacha kabatini eti kwa kuwa sasa kuna kompyuta.

Makosa makubwa zaidi hutokea pale kifaa kinapotangulia na somo likaachwa lifuate. Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa katika kampeni za uchaguzi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepata kompyuta mpakato; utekelezaji ulipoanza mwaka 2016 ahadi hiyo ilikuwa imegeuka vishikwambi, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Mpango huo ulisukuma umeme hadi shule ambazo zingeusubiri kwa miaka, na hilo si jambo dogo. Lakini katika baadhi ya shule vifaa vilifungiwa makabatini kwa hofu ya wizi au kwa sababu walimu hawakuwa na uhakika wavitumie katika kipindi gani. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za watoto, na tathmini ya mwaka 2012 ya Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, iliyohusisha shule 319 za vijijini, haikuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda, ingawa kulikuwa na dalili nzuri katika vipimo vya jumla vya kufikiri. Tanzania ilipita njia nyingine pale vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu. Kwa maoni yangu, kifaa kimoja mikononi mwa mwalimu aliyeandaliwa kiko karibu zaidi na dhana tunayoieleza kuliko vifaa arobaini mikononi mwa watoto ambao mwalimu wao hajaandaliwa.

Kutokuwa na intaneti ya kudumu si kikwazo kikubwa kama inavyosemwa. Walimu wengi hupakua wanachohitaji usiku bando likiwa nafuu, wakakihifadhi kwenye flashi au simu na kuingia nacho darasani. Kwa shule yenye vishikwambi vichache kuna Kolibri, mfumo unaowekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi isiyozidi kiganja, ambayo hurusha masomo yaliyohifadhiwa humo kwa vifaa vilivyo karibu bila kugusa mtandao wa nje. Na kwa mwalimu mwenye simu moja tu kuna Plickers: kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye alama, huigeuza kulingana na jibu analolichagua, A hadi D, na mwalimu hupitisha kamera ya simu yake juu ya darasa akajua papo hapo nani ameelewa na nani bado. Seti kubwa ya kadi hizo ina kadi 63, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya hapo, kwa hiyo wanashika kadi wawili wawili. Upungufu huo umekuwa faida, kwani kabla ya kuinua kadi lazima wabishane kwanza.

Mimi hufundisha Kiswahili, na mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa fasihi simulizi. Kila mwaka wanafunzi hukariri sifa za fanani, yaani msanii anayetamba: hubadilisha sauti, hutumia ishara, huishirikisha hadhira. Huziandika kwenye mtihani kwa ufasaha mkubwa, na wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya mtambaji hata siku moja. Nimewahi kuwapa kazi ya mwisho wa juma, kila kundi liazime simu ya mzazi na kumrekodi bibi, babu au jirani yeyote akitamba hadithi moja kwa dakika tano. Jumatatu tulisikiliza rekodi mbili za hadithi ileile ya sungura na fisi kupitia kipaza sauti kidogo cha bluetooth. Katika ya kwanza msimulizi alisema “Paukwa!” na sauti za watoto zikajibu “Pakawa!”, kisha fisi akapewa sauti ya puani iliyowavunja mbavu. Katika ya pili hakukuwa na mwanzo wowote wa namna hiyo, ila katikati bibi aliacha kusimulia akaimba, na mjukuu anayeshika simu akasikika akiitikia kiitikio bila kuombwa.

Tuliirudia sehemu hiyo mara tatu. Mwanafunzi mmoja aliuliza ikiwa kuitikia kwake kunamfanya mjukuu awe hadhira au awe fanani pia, na swali hilo lilitumalizia kipindi kizima. Kitabu cha kiada kinaweza kuiandika hadithi hiyo, na kinaweza hata kuandika maneno ya wimbo kwa herufi za mlazo, lakini hakiwezi kubeba ule mtuo wa pumzi kabla ya bibi kuanza kuimba, nao ndio uliowafanya waelewe kwamba utendaji si pambo la hadithi.

Jambo moja lilibaki baada ya kipindi, nalo ni mahali pa kuziweka rekodi. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania, kama ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, haitoi ruhusa ya kuisambaza kwa sababu tu ilitumika shuleni. Wanafunzi wangu walitaka kuziweka WhatsApp. Niliwarudisha nyumbani wakaombe ridhaa ya waliowarekodi na ya wazazi wa watoto waliosikika, na rekodi tano zikarudi zikiwa na ruhusa. Bibi wa ile rekodi ya pili alikataa itoke nje ya darasa, lakini akasema kama tunataka kumsikia tena, aitwe aje mwenyewe.