Timu ya Chuo Husahau Kila Miaka Mitatu

Klabu ya mtaani ina wazee wake wa barazani. Ukitaka kujua kikosi cha zamani, unakaa nao na kahawa, wanakutajia golikipa hadi wa akiba. Timu ya chuo haina baraza hilo. Shahada nyingi ni miaka 3, na nahodha akishaizoea timu ndiyo kwanza anavaa joho. Iwe SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, hesabu ni hiyohiyo. Bila daftari, hakuna historia.

Nunueni kaunta buku la kwaya 3. Mechi moja, ukurasa mmoja: tarehe, mashindano, uwanja, mpinzani, wachezaji 11 na namba za jezi, nani alitoka na nani aliingia dakika ya ngapi, wafungaji, kadi. Katibu na nahodha watie saini siku ileile. Kesho yake dakika ya 63 imeshakuwa "mwishoni mwishoni".

Kinachoharibu zaidi ni majina. Ukiandika "Khamis Juma" hapa visiwani hujaandika kitu, maana wako wangapi? Weka majina matatu, kozi na mwaka aliojiunga. Lakabu iingie kwenye mabano, maana wenzake wengine hawajui jina lake jengine.

Tarehe nazo zina mtego. "Bonanza la kabla ya Ramadhani" halimsaidii msomaji wa baadaye, kwani Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Baada ya miaka 6 imehama miezi miwili. Andikeni ya Miladia na ya Hijria.

Penati zina mstari wake. Fainali ya Chalenji, kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, Machakos, 17 Desemba 2017: Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, 2, Kenya 2; Kenya ikachukua kombe kwa penati 3-2. Anayeandika "tulifungwa 3-2" amekosea, maana dakika 120 ziliisha sare, na penati za kuamua mshindi haziingii kwenye mabao ya mfungaji.

Picha ya kikosi isitumwe WhatsApp kama picha, inabanwa na sura zinafifia. Itumeni kama dokumenti, kisha mchapishe moja. Nyuma yake tumieni penseli laini, wino hupenya: "Waliosimama, kutoka kushoto…", kushoto kwa anayeitazama, si kwa waliopigwa.

Jezi moja ya kila msimu ibaki chuoni. Ifuliwe, ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa, ikunjwe ndani ya kitambaa. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, na masika ikiingia jezi inatoka na madoa ya ukungu yasiyofulika.

Makabidhiano yafanyike kabla ya mitihani ya mwisho: daftari, picha, jezi na mipira vihesabiwe mbele ya nahodha mpya. Mkingoja mitihani iishe, mwenye daftari keshapanda boti, na daftari liko Wete, Pemba, chini ya kitanda.