Je, wajua kwa nini uwanja maarufu wa gofu ulilipa watu wang'oe nyasi zake?

2014 nilikuwa naangalia US Open, yale mashindano makubwa ya gofu, kwenye tv, inachezwa kwenye uwanja wa Pinehurst No. 2 kule North Carolina, Marekani, nikamwambia jamaa niliyekaa naye hawa wamefulia, ona uwanja ulivyo wa kahawia, pembeni mchanga mtupu na vichaka, labda springla, vile virusha maji vya kumwagilia, zimekufa au mvua imegoma. Nilisema kwa kujiamini kabisa. Kumbe ule ukahawia ndio walioulipia.

Kosa langu nadhani ni la wengi, yaani tukisikia uwanja wa zamani "umerudishwa kwenye hali yake" tunawaza nyasi mpya, kijani kibichi, kama nyumba iliyopigwa rangi upya. Lakini hapa kijani ndicho kilikuwa kigeni! Donald Ross, mchora viwanja vya gofu, Mskoti wa mji wa Dornoch, aliufungua uwanja huu 1907 kwenye ardhi ya mchanga yenye misonobari, akaendelea kuuchokonoa mpaka alipofariki 1948. Hata grini zenyewe, pale penye shimo, zilikuwa za mchanga hadi miaka ya 1930. Baadae ndo yakaja mambo ya kumwagilia kila kona, nyasi zikajaa ukuta kwa ukuta, na sisi wa mbele ya tv tukazoea kwamba gofu ni kijani. Kwa hiyo Bill Coore na Ben Crenshaw, nao wachora viwanja vya gofu, walipopewa kazi ya kuurudisha 2010 na 2011, waling'oa ekari zipatazo 35 za nyasi, wakatoa springla zaidi ya 600, halafu wakapanda kwa mkono mashina zaidi ya 100,000 ya nyasi za asili za huko, zile ngumu kama waya zinazoota mafungu mafungu.

Sasa walijuaje mpaka wa zamani kati ya nyasi na mchanga ulipita wapi? Kulikuwa na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege 1943, sawa, ila kilichonifurahisha mimi ni bomba.

Fikiria migomba nyuma ya bafu. Hakuna aliyeipangia mstari, inastawi pale maji machafu yanapofika na ukisogea hatua chache unakuta pakavu. Ukibomoa bafu leo, mtu akija baada ya miaka akaona migomba imejipanga vile atakwambia hapa palikuwa na bafu. Pinehurst ilikuwa kinyume chake, migomba imepotea ila bafu lipo. Enzi za Ross bomba la maji lilipita mstari mmoja tu katikati ya njia ya kuchezea, springla zikarusha maji kulia na kushoto mpaka nguvu ilipoisha, basi nyasi nazo ziliishia hapo hapo, kwanza kijani, kisha kijani cha mashaka, kisha mchanga. Mpaka haukuchorwa na mtu, ulichorwa na presha ya maji. Na mistari ya lile bomba ilikuwa bado inajulikana, kwa hiyo wakaifuata kama uti wa mgongo, wakajua njia ilikaa wapi na ilipinda wapi, maana kwa miaka mingi wakata nyasi walikuwa wameihamisha na kuibana bila hata kujua.

Kwenye grini ndo ushahidi unapungua. Leo zimevimba kama mgongo wa kobe, mpira ukitua vibaya unateleza nje, na watu wanazisifia kama akili ya Ross. Wapo wanaosema sehemu ya ule uvimbe ni mchanga tu, ule unaotandazwa kidogo kidogo juu ya nyasi ili uso uwe laini, ukirundikana miaka na miaka. Inawezekana, ila picha ya kutoka juu inakuonyesha duara, kimo haikuonyeshi vizuri, na bomba nalo hapo halisaidii. Coore na Crenshaw waliziacha karibu zote jinsi walivyozikuta.