Maharage na Damu Yako: Yanayosemwa Kigoma na Yaliyo Kweli

Maharage ya Kasulu na Buhigwe yakishafika soko la Mwanga, maneno nayo hufuata. Kazi yangu ni maabara, kupima makundi ya damu, na mara kwa mara watu huniuliza kama ni kweli maharage yana kitu kinachoshika damu. Kitu hicho kipo, kinaitwa lektini. Ila habari zake zimechanganywa na uzushi hadi wapo akina mama wanaoogopa kuwapa watoto maharage. Hilo linanisikitisha, maana siku migebuka na dagaa vikipanda bei, maharage ndiyo yanayobaki mezani.

Dhana: "Lektini inagandisha damu mwilini."

Lektini ni protini yenye tabia ya kushika sukari. Chembe nyekundu ya damu nayo imevaa minyororo ya sukari upande wa nje. Lektini ya maharage ina vipande vinne vilivyoungana, kwa hiyo huweza kushika chembe hii huku na chembe jirani kule. Chembe zikifungamanishwa hivyo kwa maelfu, hunatana na kuwa mabonge unayoyaona kwa macho ndani ya mrija wa kioo. Hermann Stillmark aliliona jambo hili mwaka 1888 huko Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia, alipochanganya damu na maji ya mbegu za mbarika, zile tunazoziita pia nyonyo.

Lakini kunatana si kuganda. Damu inapoganda kidondani, kazi ni ya chembe sahani na nyuzi za fibrini; lektini haimo. Tena mrijani lektini imekutana na damu moja kwa moja, ilhali kwenye chakula inaanza kukutana na utumbo. Aliyekula maharage yasiyoiva hutapika na kuharisha, mara nyingi saa 1 hadi 3 baadaye, kwa sababu lektini imeng'ang'ania sukari za ukuta wa utumbo. Punje 4 au 5 zisizopikwa zaweza kutosha. Mtu mzima kwa kawaida hupata nafuu baada ya saa chache. Mtoto mdogo anayetapika na kuharisha apelekwe kituo cha afya.

Dhana: "Kundi O wasile maharage, kundi A wale."

Ujumbe huu unazunguka sana kwenye simu, na umebeba punje ya ukweli, ndiyo maana unaaminika. Makundi A na B hutofautiana kwa sukari moja ya mwisho kwenye mnyororo, na zipo lektini zinazoiona tofauti hiyo. Ile ya Dolichos biflorus, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa India, hutumika maabara kutenganisha A1 na A2, matawi mawili ya kundi A. William Boyd wa Marekani alipolitunga jina lektini mwaka 1954, alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua.

Lektini ya maharage, hata hivyo, haichagui: mrijani hunatisha A, B, AB na O vilevile. Na mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwachunguza watu 1,455 kuhusu lishe hizo za makundi ya damu. Faida walizoziona hazikutegemea kundi la mtu hata kidogo.

Dhana: "Mafuta ya nyonyo hayana shida, basi na mbegu zake zinalika."

Hapana. Risini, sumu kali ya mbarika ambayo nayo ni lektini, haiyeyuki kwenye mafuta. Hubaki kwenye mashudu. Mbegu hizo zisikae mahali watoto wanapochezea.

Dhana: "Yakilala kwenye maji, au yakitiwa magadi, yametosha."

Kuloweka saa 5 au zaidi na kumwaga maji hayo kunasaidia, na magadi hulainisha. Kinachoivunja lektini ni moto. Maharage mekundu yasiyopikwa hupimwa kati ya vipimo 20,000 na 70,000 vya uwezo wa kunatisha damu. Yakiiva sawasawa hubaki 200 hadi 400.

Hatari ni moto wa kusuasua. Maharage yaliyofikia nyuzi 80 tu yameonekana kuwa makali hata mara tano kuliko yasiyopikwa kabisa. Sisi huku tuna la ziada la kuangalia: Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Kigoma mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ukipanda milima ya Kasulu na Buhigwe hushuka kuelekea 95. Dakika 10 za kutokota zinazotajwa mara nyingi ni za nyuzi 100. Mimi nasema nusu saa ya kutokota kwa nguvu, kisha uendelee hadi punje ipondeke kwa vidole. Anayetumia kapu la joto, lile linalotunza joto sufuria iendelee kuiva bila moto, ili kuokoa mkaa asiache. Sufuria itokote kwanza hiyo nusu saa jikoni, ndipo iingie kapuni.