Sheria haisemi ung'oe asbesto, inasema ujue ilipo

Nikimaliza kukagua jengo la zamani kutafuta asbesto, madini yenye nyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, mwenyewe huniuliza: "Kwa hiyo serikali itanilazimisha kuing'oa?" Mara nyingi jibu ni hapana, na kwa hilo naiunga mkono sheria. Asbesto iliyoshikwa ndani ya saruji ya paa, likiwa zima na haliguswi, hutoa nyuzi chache mno hewani. Anayelivunja kwa nyundo ndiye anayezitawanya. Hazionekani kwa macho, nyingine hubaki mapafuni maisha yote, na saratani yake huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Ndiyo maana sheria huanza na kujua. Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, humtaka msimamizi wa jengo la kazi au la umma aitafute, aandike ilipo na hali yake, na akiwa na shaka achukulie kwamba ipo. Marekani ina sheria ya shule ya 1986: ukaguzi hurudiwa kila miaka 3, na kila miezi 6 mtu hupita kuangalia kama kuna iliyoanza kuchakaa.

Kinachoniumiza ni daftari hilo kufungiwa ofisini. Fundi umeme anafika, anapanda ngazi, anatoboa dari kwa drili. Dari hiyo ikiwa ya bodi laini za kuzuia moto zilizochanganywa na asbesto, ambazo kwa macho hazina tofauti na bodi nyingine za dari, vumbi lote linamwangukia usoni. Uingereza sheria inataka aonyeshwe taarifa kabla ya kazi. Fundi, idai! Ikikosekana, usitoboe mpaka kipande kipimwe maabara kwa hadubini.

Pengo kubwa zaidi naliona kwenye nyumba za watu. Kanuni ya shirikisho ya Marekani hudai ukaguzi kabla ya kubomoa au kukarabati, lakini jengo la makazi lenye familia 4 au pungufu kwa kawaida halimo, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti makali zaidi. Humo ndimo mwenye nyumba hubandua mwenyewe vigae vya sakafu vinavyoweza kuwa na asbesto, watoto wakiwa chumba cha pili. Ningependa kibali cha ukarabati kisitolewe kwa nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya marufuku bila cheti cha mkaguzi, na gharama ya kupima sampuli ibebwe na serikali kwa asiyeimudu.