Kabla ya Kuchimba Msingi, Acha Njia: Kwa Wenye Ploti wa Manyatta na Nyalenda

Gari la kunyonya choo likifika Manyatta, mtaa wa Kisumu, husimama kwenye lami. Vijana hushuka, huunganisha mipira na kuivuta kupitia kichochoro kilicho kati ya kuta mbili za mabati, na mara nyingi mipira huisha kabla choo hakijafikiwa. Gari hugeuza likaenda zake. Mwenye ploti hana budi kuwaita vijana wanaotoa choo usiku kwa ndoo. Uchafu hupakiwa kwenye mapipa, mapipa hupandishwa kwenye mkokoteni, na usipofikishwa unakostahili humwagwa mtaroni au katika Mto Auji, unaoupeleka ziwani.

Mimi ni mtaalamu wa mipango miji. Nikiitwa kuzungumza na wakazi wa Kisumu, wengi hutarajia niwaeleze habari za stendi mpya, taa za barabarani na majengo marefu. Mara nyingi naanza kwa kuwauliza upana wa njia inayopita mbele ya mlango wao, kwa sababu maji, choo, mafuriko, moto na hata mazishi hutegemea kipimo hicho. Jeneza linalotoka ndani ya Nyalenda, mtaa mwingine wa Kisumu, kwenda nyumbani hubebwa mabegani hadi pale gari lilipoweza kufika. Mama mwenye uchungu wa kujifungua huchukuliwa kwa boda boda, mtu mwingine akimshikilia kwa nyuma.

Ili kuelewa kwa nini njia ni finyu kiasi hiki, inabidi turudi nyuma kidogo. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mji uliochipuka hapo, Kisumu ya leo, uliitwa Port Florence. Serikali ya kikoloni iliupima mji wake kwa uangalifu: Wazungu wakapewa mteremko wa Milimani, Wahindi wakawekwa karibu na maduka, na Mwafrika aliyekuja kufanya kazi akaachwa ajitafutie pa kulala nje ya mpaka. Huko nje kulikuwa na mashamba ya watu. Upimaji wa ardhi ulipofika baadaye, ulipima mashamba hayo yalivyokuwa, na kila familia ikapata hati miliki yake. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ulisogezwa, ukayameza mashamba hayo pamoja na wenyewe. Ramani ya mji ikabadilika siku hiyo. Hati hazikubadilika.

Hapa ndipo Kisumu inapotofautiana sana na Kibera ya Nairobi. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali, kwa hiyo hofu kubwa ya mkazi wa huko ni kuamshwa na tingatinga. Mwenye ploti wa Manyatta ana hati halali ya kudumu, wala hakuna anayeweza kumwondoa bila kufuata sheria. Hiyo ni neema kubwa. Lakini shamba halihitaji barabara, linahitaji njia ya miguu na ya ng'ombe. Aliyepima mashamba yale hakutenga hata hatua moja kwa ajili ya mtaa ambao haukuwapo. Baba akagawia wanawe, mwana akauza kipande cha nyuma, mnunuzi akajenga vyumba vya kupangisha, na kila mgawanyo ukatumia kijia kilekile cha zamani ambacho hakipo kwenye ramani yoyote. Nenda Kaptembwo kule Nakuru uone tofauti. Pale watu walinunua shamba la mlowezi kwa pamoja kupitia ushirika, kisha likagawanywa ploti kwa mistari iliyonyooka. Kaptembwo ina msongamano na shida zake nyingi, lakini barabara zake zilichorwa kabla ya nyumba.

Sasa tuje kwenye maji. Ushauri wa kawaida wa afya ya jamii ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama mita 15 kwa 30. Mita 30 ndizo urefu wote wa ploti hiyo. Hata ukichimba kisima kwenye kona ya mwisho kabisa kutoka kwa choo chako, jirani wa nyuma anaweza kuchimba choo chake nyuma tu ya ua wako. Manyatta mwamba uko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo vyoo havina kina, na maji machafu hupenya kwenye nyufa za mawe hadi visimani. Watafiti wamepima visima vya mtaa huo kwa miaka mingi na wamekuta vijidudu vya kinyesi mara kwa mara. Wakazi wengi wanalijua hilo, ndiyo maana maji ya kisima huachiwa kufua na kuosha vyombo, na ya kunywa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Lakini mtoto mdogo hachagui maji. Na bei ya mtungi ikipanda, kisima hurudi jikoni.

Kwa hiyo hakuna namna ya kupanga kisima na choo ndani ya ploti moja vikakaa salama. Dawa ni bomba la maji safi kuingia na bomba la majitaka kutoka, au walau gari la kunyonya choo lifike. Maji yenyewe yapo. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, husafisha maji ya ziwa pale Dunga na yanayotoka mtoni kule Kajulu. Nyalenda ina mfano mzuri ambao watu wa miji mingine wamekuja kujifunza: kampuni huuza maji kwa jumla kupitia mita iliyo ndani ya chemba kwenye njia kuu, na kikundi cha wakazi husambaza kutoka kwenye chemba hiyo hadi kwenye ploti na vioski, kikakusanya malipo na kuangalia mabomba yasikatwe. Utaratibu huo ulipunguza wizi wa maji na ule msitu wa mabomba yaliyolala juu ya ardhi. Lakini bomba la maji lina unyenyekevu wake, linapinda na kupenya kwenye uwazi wa nusu mita. Bomba la majitaka halifanyi hivyo. Linahitaji mteremko, mashimo ya ukaguzi, na nafasi ya fundi kuchimba bila kuangusha ukuta wa mtu.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi hukwama. Tuseme njia inayopita mbele ya ploti yako inahitaji upana wa mita 3. Gari la kunyonya choo lina upana wa kama mita 2 na nusu, kwa hiyo litapita, japo kwa shida kwenye kona. Ukigawana na jirani wa ng'ambo, kila mmoja anaacha mita 1 na nusu. Kwa ploti yenye mbele ya mita 15, hizo ni mita za mraba 22 na nusu, asilimia 5 ya ardhi yako. Chumba cha kupangisha cha futi 10 kwa 10 huchukua kama mita za mraba 9. Basi gharama yako ni vyumba viwili na kipande. Sisemi ni kidogo. Kwa mjane anayesomesha watoto kwa kodi ya vyumba sita, viwili ni theluthi ya maisha yake. Ndiyo maana nasisitiza wakati: kabla ya kuchimba msingi, vyumba hivyo viwili unaweza kuvipata kwa kusogeza mchoro au kupandisha ghorofa. Ukishajenga hadi ukingoni, vitapatikana kwa kubomoa tu.

Katika mikutano ya mtaani swali linalorudi kila mara huulizwa na wazee: nikiacha hiyo mita na nusu, serikali italipa? Jibu la kisheria ni kwamba serikali ikichukua ardhi yako kwa lazima, Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka ulipwe fidia ya haki na kwa haraka, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia kazi hiyo. Jibu la kiutendaji ni kwamba ukijumlisha fidia ya kila ploti kando ya kichochoro kirefu, pesa za kujenga njia na mabomba huweza kumalizika kabla jembe halijagusa udongo. Kwa hiyo mradi huhamia kwingine, kwenye mtaa ambao majirani wamekwisha kukubaliana.

Kuna dhuluma ndani ya jambo hili, nami sitaki kuificha. Mkazi wa Milimani hakuombwa hata inchi moja ili apate lami, alikuta barabara imetengwa kwenye ardhi ya umma. Mkazi wa Manyatta anaombwa kuchangia ardhi ya babu yake ili apate huduma ambayo Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaja kuwa haki yake: maji safi ya kutosha na usafi wa viwango vya kuridhisha. Maoni yangu ni kwamba kaunti inapaswa kuwatambua waliojitolea kwa vitendo. Wapunguziwe ada za kibali cha ujenzi, na ploti zao ziunganishwe kwanza na bila malipo ya kuunganishwa. Wakazi wanaokwenda kuzungumza na kaunti wana haki ya kudai hivyo, na wadai mapema, kabla ya kutia sahihi chochote.

Mkikubaliana, msiishie kwenye mdomo. Nimeona makubaliano mazuri ya wazee wawili yakifa pamoja nao. Mwana anarudi kutoka Nairobi, anatazama hati ya baba, haoni njia yoyote, anajenga ukuta. Kisheria hati iko upande wake. Makubaliano yanayodumu ni yale yaliyofika kwenye ramani ya ofisi ya ardhi. Tafuteni soroveya mwenye leseni kwa pamoja, mchangiane malipo yake. Atapima, atatafuta mawe ya mpaka, na atajaza fomu ya mutesheni inayoonyesha kipande cha njia kikitengwa na ploti na kuachiwa umma. Mchoro hupitia kwa ofisi ya mipango ya kaunti ili upate idhini, kisha husajiliwa. Idhini ya mke au mume huhitajika pale ambapo ardhi ni ya ndoa, na ardhi ambayo bado inahesabiwa kuwa ya kilimo hupita kwanza kwenye bodi ya ardhi.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni hati zilizo kwa jina la marehemu. Katika mitaa hii ni jambo la kawaida kukuta ploti yenye nyumba nne za ndugu wanne, na hati ingali kwa jina la babu aliyezikwa zamani. Hakuna kati yao anayeweza kutia sahihi. Mirathi huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, mabinti wakiwemo, ndipo kesi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe. Familia nyingi huogopa kuanza kwa sababu wanajua ugomvi utaibuka. Nawasihi waanze wakati mashahidi wanaojua mipaka wangali hai. Na kama ploti yako imezingirwa pande zote na majirani wamekataa katakata, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakuruhusu kuiomba mahakama amri ya kupewa njia. Ni safari ndefu, lakini mlango upo.

Wengine huniambia kwamba soroveya amewataka waache barabara ya mita 9, wakakata tamaa. Mita 9 ni kipimo kizuri kwa mtaa mpya. Kwa mtaa uliokwisha kujengwa kingeangusha nyumba nyingi mno. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti kutangaza eneo maalumu la mipango, ambapo vipimo vinaweza kuangaliwa upya kwa kushauriana na wakazi. Nairobi ilitangaza mtaa wa Mukuru kuwa eneo la namna hiyo mwaka 2017, kwa sheria iliyotangulia hiyo, na upana wa barabara ukapunguzwa ili familia chache zaidi zihamishwe. Mitaa ya Kisumu inaweza kuomba vivyo hivyo.

Wapangaji nao wasikae pembeni. Ndio wengi mtaani na ndio wanaokunywa maji yale. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi wote nafasi ya kushiriki katika mipango ya mji wao, awe na hati au hana. Katika mikutano nimeona mara nyingi mama anayepanga chumba kimoja ndiye anayejua mtaro unaziba wapi na maji huingilia mlango gani usiku wa mvua.

Kuhusu mvua, neno moja kwa watu wa Nyalenda. Udongo wenu ni mweusi, unashika maji, na mko chini karibu na ziwa. Mkiacha njia, mtaro uchimbwe upande mmoja na ufunikwe kwa vibao vya zege vinavyohimili gari. Na asiwepo wa kuinua ploti yake kwa kifusi bila kumwambia jirani, maana maji aliyoyafukuza yatalala chumbani kwa mwenzake.

Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1 kila mwaka, na njia isiyotajwa mle ni vigumu kupata fedha katika bajeti inayofuata. Kwa hiyo anzeni kukutana mwezi wa Machi au Aprili. Ombi lenu liandikwe ukurasa mmoja, litaje namba za ploti zote zilizoacha ardhi, liambatanishwe na nakala ya mutesheni na sahihi za wenye ploti pamoja na wapangaji. Nakala moja mpelekee msimamizi wa wadi, ya pili mwakilishi wadi, ya tatu ofisi ya mipango ya jiji, na katika kila ofisi ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mnayobaki nayo.